Misalaba Minne Juu ya Mlango

Kila ninapofika nyumbani, kabla sijatia ufunguo, huinua macho nikatazama juu ya mlango. Mume wangu amekwisha kuzoea. Watoto wangu wawili huambiana kwa Kiingereza kwamba Mama ameanza tena, wakidhani sisikii. Nyumba yetu ya hapa Blaine, Minnesota, ni mpya, katika mtaa ambao huwezi kupata hata chumvi bila kuwasha gari, na majirani wote wameweka kamera kwenye kengele za milango. Wanasema ni kwa ajili ya usalama. Mimi nikitoka kutupa taka huzitazama kamera zile na kujiuliza, usalama wa nani? Usinicheke, rafiki yangu. Nililelewa na bibi aliyebandika plasta ya kidonda kwenye tundu la kuchungulia la mlango wetu, maana tundu unalochungulia wewe, na mwenzako anaweza kulichungulia.

Wiki iliyopita nilikuwa na shughuli Hopkins, nikaona nipitie jengo letu la zamani. Matofali ni yale yale mekundu, na theluji ya maegesho bado inasukumiwa kona ile ile, karibu na mapipa ya taka, ikae hapo na weusi wake mpaka Aprili. Niliingia nyuma ya mwanamume mmoja aliyebeba mifuko ya chakula. Alinishikia mlango, kisha akaniuliza namtafuta nani. Nilifurahi kidogo kwamba bado kuna mtu wa kuuliza swali hilo mle ndani. Nilimwambia namtafuta bibi yangu, jambo ambalo halikuwa uongo kabisa, nikapanda hadi ghorofa ya tatu. Milango yote imebadilishwa. Siku hizi ni ya kijivu, ina vitufe vya namba, na juu yake hakuna hata doa. Nilinusa ukumbini nikitafuta mawese na kabichi, nikapata harufu ya rangi mpya tu.

Pale tuliishi watu wanne: mama yangu, mdogo wangu wa kiume, mimi, na Koko. Koko ndilo jina tunalomwitia bibi kwetu, mashariki ya Kongo. Mama alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, akiondoka mchana na kurudi tumelala, kwa hiyo mwenye nyumba hasa alikuwa Koko. Alitupikia sombe, yaani kisamvu, na dagaa, alisugua sakafu ambayo ilikuwa safi tayari, na alitufundisha kushuku. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Wengine hufundishwa piano.

Mafunzo yake yalikuwa machache, na bado ninayo. Usikae ukiupa mlango mgongo. Usile kwa watu kabla mwenye nyumba hajaonja, kwa sababu kwetu mwenyeji mwenye moyo safi huonja kwanza bila kuombwa. Na la tatu, ambalo alilirudia kila asubuhi akitufunga vifungo vya makoti: "Bakikuuliza kwenu ni wapi, sema Congo. Congo iko mukubwa, hawatatupata." Jina la kijiji chetu hatukuruhusiwa kulitaja hata kanisani, mbele ya watu waliotoka milima ile ile. Hao ndio hasa, alisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Nyuma ya mlango wa mkabala na wetu aliishi mwanamke mzee wa Kipolandi. Alikuwa mrefu, ameinama kidogo mabegani, na alipumua kwa sauti kama mtu aliyepanda ngazi hata alipokuwa ameketi. Tundu lake la kuchungulia halikuwa na plasta. Tulipotoka kwenda shule liliingia giza ghafla, na tuliporudi liliingia giza tena. Koko alisema mtu wa namna hiyo ana anayempelekea habari. Mimi niliamini, maana nilikuwa darasa la tatu na sikuwa nimewahi kumwona Koko akikosea.

Nilianza kuingia kwake kwa sababu ya kikapu cha nguo. Mashine za kufulia zilikuwa chini kabisa, na siku moja nilimkuta yule jirani ameketi kwenye ngazi na kikapu chake magotini, hawezi kupanda wala kushuka. Nilimbebea. Alinivuta ndani, akanikalisha jikoni penye joto, akanikatia keki yenye mbegu nyeusi ndogo ndogo katikati. Nilikaa naitazama. Naye alinitazama. Mwishowe akakata kipande chake, akala, nami nikala. Siku zote baadaye alikula kwanza, na nadhani alidhani watoto wa Kikongo wana adabu nyingi mno.

Koko alipojua hakunichapa. Alininusa mdomo, kisha akasema naweza kwenda, ila niwe macho yake. Basi nilikwenda baada ya shule, mara nyingi, nikinywa chai nyekundu ya biti, ule mzizi mwekundu, kutoka kikombe kikubwa, redio yake ikiimba polepole na mabomba ya joto yakigonga ukutani. Nilimpenda. Nilimpenda huku nikimpeleleza, na moyo wa mtoto hauoni tatizo lolote hapo.

Alichopenda yeye ni kunionyesha kijiji chake. Alikitandika mezani kwa vyombo. Kisu kilikuwa mto, na alikiweka mshazari kwa sababu, alisema, mto wao ulipinda kabla ya kufika kwenye kinu cha kusagia. Kidau cha chumvi kilikuwa kanisa, juu ya kitabu ili kipate mwinuko. Nusu ya mkate ilikuwa msitu, upande wa kaskazini, ambako watu walichuma uyoga, na baadaye walikwenda kujificha. Sukari za vipande zilikuwa nyumba. Reli ilipita mbali, huko karibu na jiko, lakini usiku wa baridi waliisikia. Alizipanga nyumba mojamoja na kunieleza nani aliishi wapi: mfuga nyuki, mjane, mtengeneza magurudumu, na nyumba ya mwisho, karibu na mto, fundi cherehani, Myahudi, aliyekuwa na mabinti wawili. Mmoja alikuwa na umri wake. Wakicheza, walicheza kwenye barafu ya mto, palepale ulipopinda.

Kwa Kiingereza chake kilichovunjika, ambacho kilikutana na changu kilichokuwa hakijasimama bado, alinieleza pia vita. Askari wa mashariki walikuja kwanza. Kisha wakaja wa magharibi, Wajerumani, wakawafukuza wale. Kisha wale wa mashariki wakarudi. Kijiji hakikuhama hata hatua moja, alisema, ila mpaka ulihama, na siku hizi kiko katika nchi nyingine kabisa. Nyumba zote zimekwisha. Alipofika hapo aliziokota sukari na kuzirudisha kwenye kopo, isipokuwa ile ya karibu na mto, ambayo aliiacha mezani mpaka nilipoondoka.

Nilimpelekea Koko taarifa yote: mto, msitu, reli. Alisikiliza huku akitwanga sombe bafuni, kinu kimewekwa juu ya taulo ili watu wa chini wasilalamike. "Mutu akikuonyesha kwao sana," akasema, "eko anataka umuonyeshe kwenu." Na kwa kweli jirani aliniuliza. Nikamwambia Congo.

Basi ukaja mwezi wa Januari, baridi ya Minnesota ile inayogandisha kope. Asubuhi moja Koko alifungua mlango kututuma shule, akainua macho, akaufunga tena. Alituambia tuvue makoti. Kisha akafungua polepole, akatuonyesha kwa kidevu. Juu ya mlango wetu, kwa chaki nyeupe, mtu alikuwa ameandika tarakimu za mwaka, mbili mwanzoni na mbili mwishoni, na katikati yake herufi tatu. Kati ya kila kitu na kingine palikuwa na msalaba. Koko hakujua kusoma, lakini misalaba aliijua.

"Misalaba ine," akasema. "Na sisi humu ndani tuko bangapi?"

Ngoja nikueleze kwa nini hakuna aliyecheka. Kule kwetu, kabla sijapata akili ya kukumbuka, Koko aliamka siku moja akakuta alama za makaa kwenye milango ya kijiji. Haikuwa milango yote. Wetu ulikuwamo. Babu alikuwa mtu mpole, asiyependa kumdhania mtu vibaya, akasema ni watu wa chanjo, kwani watu wa chanjo nao huandika milangoni. Koko akasema tuondoke. Babu akasema Koko atangulie na mama yangu na sisi watoto, yeye atafuata akishafunga mbuzi. Waliokuja siku hiyo walipita kwenye milango yenye alama tu. Babu hakufuata. Tangu hapo Koko alikuwa na usemi mmoja kuhusu mume wake aliyempenda sana: watu wema ndio wa kwanza kuzikwa.

Alichukua kitambaa, akakilowesha, akapanda kwenye kigoda, akafuta. Tulikwenda shule tumechelewa. Tuliporudi, alama ilikuwapo tena, misalaba minne, imekandamizwa zaidi. Akafuta. Kesho yake ikawapo. Koko akang'oa plasta kwenye tundu, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akasimama pale na jicho lake mchana kutwa. Nami nikarudi kutoka shule nikamkuta mkavu wa uso, akaniambia kwa sauti ya chini: "Ni ule mama jirani wako. Nimemuona na macho yangu. Eko analia, na eko anaandika."

Mama alipopata siku ya mapumziko alimkuta Koko ameshafunga vifurushi. Sufuria zimo ndani ya blanketi, nguo zimefungwa kwa kitenge, viatu vya mdogo wangu vimening'inizwa juu. Tulikuwa tunahamia mtaa wa Frogtown, kwa mama mmoja wa kanisani mwenye vyumba viwili na watoto sita.

"Mama, huku ni Amerika," mama yangu akasema. "Mutu hahamake ovyo. Tulisaini lease ya nyumba. Na ile ni chaki tu, pengine ni mambo ya dini yao."

"Hata baba yenu alisemaka vile. Ni chanjo tu." Koko hakupandisha sauti. "Weye baki na lease yako. Batoto nakwenda nabo."

Sikulala vizuri. Tulikuwa tumekwisha kukaa kambini, tukahama, tukakaa kwingine, tukahama, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na dawati lenye jina langu, na jiko la jirani lenye joto. Nilijua kwamba Koko akishafunga mzigo haufungui. Nilijua pia kwamba hakuna mtu katika jengo lile aliyeweza kuzungumza na wanawake hao wawili isipokuwa mimi, na Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tatu. Asubuhi nilimwambia Koko: kabla hatujaondoka, twende ukamuulize uso kwa uso. Nilitarajia akatae. Akachukua kile kitambaa chenye unga wa chaki, akakiweka begani, akavuka ukumbi na kugonga.

Jirani alifungua, akaona kitambaa, akashika fremu ya mlango. Koko hakungoja kukaribishwa. Aliketi jikoni, kwenye kiti kinachotazama mlango.

"Muulize nani alimutuma."

Niliuliza. Jirani akajibu kwamba hakuna, ni chaki iliyobarikiwa na padri, na kwamba kwao kila Januari huandika herufi za mwanzo za majina ya wafalme watatu waliofuata nyota hadi kwa mtoto Yesu, ili nyumba ilindwe. Nikatafsiri. Koko akasema mtu anayelinda haandiki mara nne. Hilo nalo nikalitafsiri. Jirani akaanza kutandika kijiji.

Kisu. Kidau cha chumvi. Mkate. Sukari. Koko alitazama bila kupepesa. Kisha yule mzee akachota unga kwa vidole, akanyunyiza kidogo juu ya kila nyumba, akaacha ile ya karibu na mto. Wajerumani walipokuja kutafuta Wayahudi, alisema, walikuwa wageni, hawakujua nani ni nani. Walitazama milango. Penye chaki ya wafalme watatu palikuwa pa Mkristo, wakapita. Pasipo na chaki waliingia. Yeye alikuwa mtoto, umri kama wangu. Alipojua kwamba wanakuja aliiba kipande cha chaki nyumbani kwao, akakimbia juu ya barafu, akaandika mlango wa fundi cherehani. Hapo mezani akachukua unga, akanyunyiza ile sukari ya mwisho. Halafu akaupuliza ukaondoka.

"Kulipopambazuka alama haikuwapo," nilitafsiri. "Mtu aliifuta. Kwa maji."

Koko akauliza ni nani.

Jirani hakunitazama mimi. Alimtazama Koko, au tuseme alitazama kile kitambaa begani kwake. Akasema baba yake alikuwa mtu mwoga. Akasema asubuhi ile, jikoni kwao, karibu na jiko, palikuwa na kitambaa kibichi, na kilikuwa cheupe.

Sikujua kama nilitafsiri vizuri. Mpaka leo sijui. Lakini Koko alikwisha kuelewa, maana aliondoa kitambaa begani na kukificha magotini, chini ya meza. Kisha Koko akanyoosha mkono, akasogeza kisu kikawa barabara, akageuza mkate ukawa mlima, akapanga sukari upya juu ya mteremko. Alikuwa anatandika kijiji chetu. Ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza kwamba kilikuwa na mlima upande wa jua, na ziwa chini yake. Alichovya kidole kwenye chai ya biti, akatia alama nyekundu juu ya sukari chache. Halafu akaziokota hizo na kuzitia kwenye kopo, moja moja, ya mwisho akiishika kidogo kabla ya kuiachia. Hakuna aliyeniomba nitafsiri.

Jirani akaleta chai. Akaonja kwanza.

Walielewana kuhusu jambo moja tu. Jirani alitaka alama iwe nje, maana alama isiyoonekana haimwokoi mtu. Koko alisema alama inayoonekana ndiyo inayoua. Walibishana kupitia kwangu mpaka koo likanikauka, kisha Koko akatoa hukumu: "Mwambie iandikwe ndani. Kama iko ya Mungu, Mungu anaonaka hata ndani. Kama iko ya batu, batu basiione." Yule mzee alilia kidogo, akakubali.

Tulipovuka ukumbi kurudi kwetu nilimuuliza Koko kama sasa anamwamini. Alisonya. "Ile chaki haiko yetu," akasema. "Iko ya fundi. Sisi tumekaa tu mu nyumba yake." Lakini alitoa sufuria kwenye blanketi, akaweka maji ya ugali. Kifurushi cha nguo hakukifungua, kilikaa nyuma ya mlango miaka yote, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na kila Januari jirani alikuja, akapanda kwenye kigoda chetu, akaandika upande wa ndani, Koko akishikilia kigoda kwa mkono mmoja na kitambaa kikavu kwa mkono wa pili.

Wote wawili wamekufa sasa. Nimevitafuta vijiji vyao kwenye ramani ya simu. Cha jirani naona mto unapinda, na shamba. Cha kwetu naona kijani tu, kwa sababu Koko aliniachia mlima na ziwa, jina hakuliacha. Nilipomuuliza mama, naye alisema Congo. Kuhusu kile kitambaa cheupe nimewaza sana, na mashaka yangu hayanipi nafasi. Baba mwoga, ndiyo. Lakini mtoto aliyeiba chaki nyumbani kwao, nani alimwona akiiba? Alimwambia nani? Sikumuuliza, na sasa hakuna wa kumuuliza. Yaliyobaki ya vijiji vile viwili yako kichwani mwangu, nami ni mtu asiyejiamini hata mwenyewe.

Jana niliporudi kutoka kazini nilimkuta binti yangu nje, kwenye baridi ile, amesimama juu ya kiti cha jikoni. Nilikuwa nimemsimulia habari hizi baada ya safari ya Hopkins. Alikuwa amemaliza. Mwaka, herufi tatu, misalaba minne, juu ya mlango wetu, upande wa nje, mbele ya kamera zote za mtaa. Nami na mume wangu na watoto wawili tuko wanne. Nilimuuliza kwa nini hakuandika ndani. Alinijibu kwa Kiingereza, kwa mshangao wa kweli, kwamba ndani hakuna mtu atakayeiona.

Nikamwambia aingie apate joto. Nikaenda jikoni, nikalowesha kitambaa, nikatoka nacho, nikapanda kwenye kiti. Mkono niliuinua. Nilisimama pale, ng'ambo ya barabara taa ndogo ya kamera ya jirani ikinitazama, mpaka kitambaa kikaganda mkononi mwangu kikawa kigumu, hakifai kufutia kitu.